Udongo wetu unatupwa ziwani
(Namna ya kupanda mboga juu ya mawe ya volkano)



Katika gazeti letu tumezoea kusoma habari za kwaya, za mpira na za mitihani. Leo sisi wa kikundi cha bustani tumeomba nafasi kidogo tuongee juu ya udongo. Wengine watacheka na kusema: udongo ni habari gani? Lakini hapa Kituku udongo ni habari kubwa. Anayekaa Masisi akitaka kupanda lengalenga anachukua jembe na kuanza kulima. Anayekaa kwetu akipiga jembe chini, jembe linalia juu ya jiwe na mkono unauma. Ndiyo maana jamaa nyingi za hapa zinanunua kila jani la mboga linaloingia ndani ya sufuria.

Je, kununua ni vibaya? Hapana. Lakini tumeona wenyewe kwamba mboga zinazotoka mbali zinategemea njia, na njia inaweza kufungwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 vita vilikata barabara ya Sake na Minova, na vyakula vya upande ule vikaanza kupita ziwani kwa mashua. Tarehe 3 Oktoba 2024 mashua iliyotoka Minova, imejaa watu na mizigo kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari yetu ya Kituku, watu wakiwa wanaitazama toka ng’ambo. Makumi ya watu walikufa, na wengi wao walikuwa watu wa biashara ndogondogo, wenye kuleta chakula. Tena mwezi wa Januari 2025 mapigano yalifika mjini Goma kwenyewe. Maji na umeme vikakatika, na watu wakajifungia nyumbani siku nyingi. Siku zile mwenye gunia moja la mboga nyuma ya nyumba alikuwa na kitu cha kuweka pembeni ya bugali. Asiyekuwa nalo alikula bugali na chumvi.

Hatusemi kwamba bustani ndogo itamaliza njaa. Mahindi, muhogo na maharagi vitaendelea kutoka mashambani. Tunasema tu kwamba majani ya mboga yanaweza kupatikana nyumbani, hata juu ya mawe, na kwamba udongo wa kuyapandia tunao tayari, ila tunautupa.

KWA NINI KWETU KUNA MAWE TU?

Mji wetu umejengwa juu ya mawe yaliyomwagwa na volkano. Katika siku zetu na za wazazi wetu Nyiragongo imemwaga moto mara tatu: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, ambapo mto wa moto ulipita katikati ya mji hata kufika ziwani, na tarehe 22 Mei 2021. Mawe ya upande wetu ni ya zamani kuliko hayo, lakini hata hivyo udongo uliopo juu yake ni mwembamba sana, na pengine haupo kabisa.

Mwalimu wetu wa biolojia alitupeleka siku moja kutazama mawe ya mwaka 2002. Juu yake tuliona kwanza vimea vidogo vyeupe-kijivu vinavyoshikamana na jiwe kama gome. Hivyo havina mizizi. Ndani ya nyufa tuliona kangaga, na pale kangaga zilipokufa na kuoza kulikuwa na udongo mweusi kidogo, kama kiganja kimoja. Pale ndipo majani mengine yalianza kuota. Mwalimu akatuambia: “Mnaona? Jiwe peke yake halizai udongo. Jiwe linatoa chumvi zake, na kitu kilichooza kinatoa kilichobaki.”

Maneno hayo ndiyo msingi wa makala hii. Jiwe la Nyiragongo lina utajiri: lina potasiamu, chokaa na madini mengine ambayo mimea inayapenda. Ndiyo maana milima ya Masisi na Rutshuru, ambapo mawe ya namna hii yamechakaa kwa miaka mingi sana, inajulikana kwa rutuba. Lakini jiwe jipya halina nitrojeni, nalo halishiki maji. Mvua inaponyesha, maji yanapotea katika nyufa. Nitrojeni na nguvu ya kushika maji vinatoka katika vitu vilivyooza: majani, maganda, mavi ya wanyama. Mungu anafanya kazi hiyo taratibu, makumi ya miaka. Sisi tunaweza kuifanya kwa miezi mitatu.

MAKOSA YETU YA KWANZA

Hatukuanza vizuri. Mwanzoni tulichanga pesa, tukanunua mifuko sita ya udongo, tukaileta na chukudu mpaka masomo. Tuliimwaga juu ya mawe, tukapanda shu. Mvua kubwa ya kwanza ikachukua udongo karibu wote, ukaingia kati ya mawe kama maji katika kichungio. Shu tatu zilibaki, na mbuzi wa jirani akazila.

Mara ya pili tukaenda sokoni Kituku kukusanya takataka. Asiyejua soko lile aelewe: mashua zinaleta ndizi, mananasi na avoka kutoka Idjwi, na vyakula vingine kutoka upande wa Minova na Kalehe. Kila jioni kunabaki maganda ya ndizi, majani ya shu, maganda ya maharagi, mabaki ya miwa. Mengi yanasukumwa pembeni ya maji, na mengine yanaingia ziwani. Mama mmoja alipotuona tunajaza magunia akatuuliza:

“Nyinyi batoto ba masomo, munafanya nini na ile bucafu?”

“Mama, tunaenda kutengeneza udongo.”

“Udongo? Udongo inatoka mu shamba, haitoke mu bucafu!”

“Na ile bucafu, mama, ilitoka wapi?”

Akanyamaza kidogo, akacheka, akasema: “Kweli, nayo ilitoka mu shamba. Basi mubebe yote, na munifagilie hapa.”

Tulibeba yote, lakini tulikosa tena. Tulirundika mabichi matupu, bila kuchanganya. Baada ya siku tano harufu ilifika mpaka ofisi ya Prefe, na nzi walikuwa wengi kuliko wanafunzi. Tuliamriwa kuondoa kila kitu. Hapo ndipo tulipokwenda kuuliza wanaojua, na haya yanayofuata ndiyo tuliyofundishwa na kuyajaribu wenyewe.

1. KUTENGENEZA MBOLEA YA TAKATAKA

Onyo la kwanza: usichimbe shimo. Katika vitabu vingi wanaandika kuchimba shimo la mbolea. Kwetu ni vibaya kwa sababu mbili. Kwanza, jiwe ni gumu. Pili, na hii ni kubwa zaidi, upande wetu wa magharibi ya Goma, kandokando ya ziwa, kuko mazuku. Mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi. Haionekani, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa katika mashimo na mabonde kama maji katika beseni. Mbuzi, mbwa na hata watu wamekufa kwa kuivuta. Ukiona wadudu au ndege wamekufa ndani ya shimo, usishuke. Na kama mtu ameanguka humo, usiruke kumfuata. Wengi wamekufa namna hiyo wakitaka kuokoa ndugu. Ita watu, mtoeni kwa kamba au kwa mti mrefu mkiwa juu.

Basi mbolea tunaifanya juu ya ardhi. Panga mawe kwa mraba wa meta 1 kila upande, ukiacha nafasi za hewa kati ya mawe. Halafu weka tabaka kwa tabaka:

a) Chini kabisa, vijiti na mabua, ili hewa ipite.

b) Vitu vikavu: majani makavu, nyasi, maganda ya maharagi, mabua ya mahindi. Vikapu 2.

c) Vitu vibichi: maganda ya ndizi na ya viazi, majani ya shu, takataka za soko. Kikapu 1. Kata vipande vidogo, vinaoza upesi.

d) Mavi ya sungura, ya dende, ya kuku au ya mbuzi, koleo moja au mawili. Asiye na wanyama aweke udongo kidogo wa zamani.

e) Majivu ya makala, kiganja kimoja tu.

Nyunyiza maji, kisha anza tena (b) mpaka rundo lifike meta 1. Funika kwa majani ya ndizi au gunia la zamani ili mvua isioshe rutuba na jua lisikaushe. Tuliposahau vitu vikavu, rundo lilioza na kunuka kwa sababu hewa ilikosekana. Kumbuka basi: vikavu viwili, kibichi kimoja.

Namna ya kujua maji yanatosha: chukua kidogo mkononi, kamua. Yakitoka matone mawili matatu, ni vizuri. Yakitiririka, ongeza vikavu. Yasipotoka kabisa, ongeza maji.

Namna ya kujua rundo linafanya kazi: chomeka mti mrefu katikati. Baada ya siku 5 uchomoe, uushike. Ukiwa na joto, vijidudu vya kuozesha viko kazini. Ukiwa baridi na mkavu, tia maji. Ukiwa baridi na wenye harufu mbaya, geuza rundo na uongeze vikavu. Baada ya wiki 3 geuza yote, ya nje yaingie ndani. Rudia tena baada ya wiki 3. Katika mwezi wa tatu utapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Huo ndio udongo wetu.

Usitie plastiki, mawe ya radio, chupa, nyama, matumbo ya samaki, mafuta, wala mavi ya watu. Usitie pia mimea ya nyanya au ya viazi iliyokufa kwa ugonjwa, hiyo uichome.

2. GUNIA LA MBOGA

Asiye na nafasi hata ya kitanda kimoja anaweza kupanda katika gunia. Siyo jambo la kubahatisha. Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi nchini Kenya, wakaaji wa Kibera katika mji wa Nairobi walipata shida ya chakula, na shirika moja la Ufaransa, Solidarités, liliwasaidia kupanda mboga katika magunia mbele ya milango yao. Kazi ile ilienea katika jamaa nyingi. Kibera hakuna nafasi, kwetu hakuna udongo. Dawa ni karibu moja.

Chukua gunia la kilo 100. Changanya ndoo 2 za udongo, ndoo 1 ya mbolea ile iliyoiva, na ndoo 1 ya changarawe ndogo ya volkano ili maji yapite. Tafuta kopo kubwa lililokatwa chini na juu, ulisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo. Zungusha udongo nje ya kopo. Ukifika juu ya kopo, livute, mawe yabaki pale pale. Lijaze tena mawe, na uendelee hivyo mpaka gunia liwe karibu na kujaa. Ile nguzo ya mawe ndiyo njia ya maji. Bila hiyo maji yanalowesha juu tu, na mimea ya chini inakufa. Kwa mara ya kwanza mawe yetu yanatusaidia!

Toboa matundu pembeni, kila moja liwe mbali na jingine kwa upana wa mkono, usiyapange kwa mstari mmoja wa kushuka, gunia lisipasuke. Gunia moja linabeba miche 20 hata 30 pembeni, na 5 au 6 juu. Pembeni panda lengalenga, seleri, epinari au vitunguu vya majani. Juu panda vyenye mizizi mikubwa: shu, bilinganya au nyanya.

3. KITANDA CHA MAWE

Mwenye nafasi kidogo ajenge ukuta wa mawe bila simenti, kimo cha goti, upana usiozidi meta 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Chini atandike magunia yaliyochakaa au majani mengi ya ndizi, udongo usipotee katika nyufa kama ulivyotupotea sisi. Juu yake aweke vitu vikavu, halafu mchanganyiko ule wa udongo na mbolea. Akimaliza kupanda, afunike udongo kwa nyasi kavu, jua lisikunywe maji yote. Na asisahau mbuzi wa jirani: miiba au fito zizunguke kitanda.

4. MICHE NA MAJIRA

Kwetu mvua zinarudi mwezi wa Septemba, na kiangazi kikubwa ni Juni mpaka Agosti. Basi anza rundo la mbolea mwezi wa Juni, upate udongo mwezi wa Septemba. Mwenye kuanza tena Novemba ataipata mbolea kwa majira ya Februari.

Shu, nyanya na bilinganya zinapandwa kwanza katika kitalu: beseni lililotoboka linatosha. Nyunyiza mbegu kwa mistari, funika kidogo, tengeneza kivuli cha majani ya ndizi. Mche ukiwa na majani 4 au 5 ya kweli, uhamishe jioni, siyo saa sita ya jua. Lengalenga haitaki mambo mengi: baada ya wiki 4 hivi unaanza kuchuma. Usiing’oe, kata ncha, itatoa matawi mengine. Acha mimea miwili mizuri izae mbegu, nawe hutanunua mbegu mara ya pili.

5. MAJI NA KOLERA

Hapa tunaomba kila mtu asome polepole. Wengi wetu tunachota maji ziwani Kituku. Maji yale yanaweza kuwa na vijidudu vya kolera. Wazee wetu hawajasahau Julai 1994, namna kolera ilivyoua maelfu na maelfu ya wakimbizi waliotoka Rwanda, na mpaka leo ugonjwa huu unarudi mara kwa mara katika mji wetu. Bustani isiwe mlango wa kolera. Kwa hiyo:

– Mwaga maji ya ziwa juu ya udongo au katika nguzo ya mawe, siyo juu ya majani.

– Lengalenga, shu na sombe vipikwe mpaka viive. Nyanya na seleri za kula mbichi zioshwe kwa maji yaliyotiwa klore au yaliyochemshwa.

– Nawa mikono kwa sabuni ukitoka bustanini, kabla ya kushika chakula.

– Usitumie kamwe mavi ya watu kama mbolea.

Tena maji ya ziwa la Kivu yana chumvichumvi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani zimeungua, punguza maji ya ziwa na majivu, na uache mvua ioshe gunia. Maji ya kuoshea viazi na mboga yanafaa sana kumwagilia. Wakati wa kiangazi gunia moja linaomba lita 5 hivi kila asubuhi. Wakati wa mvua mara nyingi haliombi kitu.

6. WADUDU

Wale wadudu wadogo weusi au wa kijani wanaojazana chini ya majani wanakufa kwa maji ya sabuni: kijiko kimoja cha sabuni katika lita 1, unyunyize jioni, kesho yake uoshe kwa maji safi. Funza wanaokata miche usiku wakamatwe kwa mkono asubuhi, wako chini ya udongo karibu na mche uliokatwa. Na usipande nyanya mahali pamoja majira mawili yakifuatana. Badilisha na lengalenga au maharagi, ugonjwa usikae.

MANENO YA MWISHO

Leo kuko magunia kumi na mawili nyuma ya darasa letu, na vitanda viwili. Mavuno yake siyo makubwa, lakini wenzetu wanaolala masomoni wamekula lengalenga yake mara nyingi. Na jambo lililotufurahisha zaidi ni hili: yule mama wa soko alikuja mwenyewe kutazama. Alishika ule udongo mweusi, akaunusa, akauliza: “Hii ni ile bucafu yangu?” Tukasema ndiyo. Sasa anatuwekea maganda katika gunia, na nyumbani kwake ameanza magunia matatu.

Katika Mwanzo 2:15 tunasoma kwamba Mungu alimweka mtu bustanini ailime na kuitunza. Sisi tuliwekwa juu ya mawe, lakini kazi ni ile ile. Kazi ya mkono siyo adhabu ya wakosefu kama wengine wanavyofikiri, na mwanafunzi mwenye diploma haondolewi heshima na udongo kucha zake.

Tunaomba basi kila darasa: siku ya Jumatatu kila mwanafunzi alete mfuko mmoja wa maganda ya jikoni, yasiyo na plastiki. Atakayependa kujifunza aje nyuma ya darasa letu baada ya masomo, tutamwonyesha. Na kila atakayetupa ganda la ndizi ziwani akumbuke kwamba ametupa kiganja cha udongo, na sisi hapa udongo tunaununua.

Bwana awabariki. Ni sisi wenzenu wa kikundi cha bustani.